Fundi Aliyeuliza Kila Uzi Kwao ni Wapi

Ukimpelekea kitu, kitu chenyewe hakukiangalia kwanza. Alikuangalia wewe, halafu akauliza, "Kwao wapi?" Kama vile umemletea mchumba. Umempelekea vifungo, kwao wapi. Umempelekea kipande cha uzi wa dhahabu, huu nao kwao wapi. Ukijibu sokoni, anakurudishia mkononi. "Sokoni si kwao kwa kitu. Soko ni stendi tu. Rudi ukaulize." Na unarudi kweli, jua la Moshi limekukaa utosini, unamuuliza muuza mitumba uzi huu ulitoka kwenye vazi gani, naye anakutazama kama uliyetoroka wodini.

Nilikaa naye miaka mingi, mimi na mdogo wangu Anjelista, kwenye chumba chake cha kushonea pale mjini. Tulimwita Fundi, basi. Jina lake alilobatizwa siliandiki, limeshachafuliwa vya kutosha midomoni mwa watu. Ukoo wake pia siuandiki. Majina nitakayoyaandika ni ya wengine, na nayaandika wazi: Melkiori, Evarist na Sifaeli. Mimi shule niliishia darasa la tano, sikufundishwa kuzungusha maneno.

Kazi yake ilikuwa kushona nguo zinazowaka taa. Si taa za kuning'iniza na waya kama mti wa Krismasi, hapana. Umeme ulipita kwenye uzi wenyewe. Unashona mstari mmoja unatoka kwenye betri kwenda kwenye taa, unashona mwingine unarudi, taa ndogo kama punje ya mtama inakaa katikati, na nguo inabaki nguo. Unaikunja, unaivaa. Tatizo halikuwa kushona. Kushona hata mimi nilijua. Tatizo lilikuwa kupata vitu. Uzi unaopitisha umeme hauuzwi dukani kwetu, na hata ungeuzwa, Fundi asingeununua kabla hajaujua.

Kwa hiyo tulikwenda soko la Memorial, kwenye mitumba. Yeye mbele, ameshika betri ya saa kati ya vidole na kitaa chake kidogo chenye miguu miwili, sisi nyuma na mifuko. Wauza mitumba walikuwa wakimwona wanapigiana miluzi.

"Mganga huyo kaja!"

"Mama, leo unapima presha ya soksi?"

"Napima," anajibu bila kuinua kichwa. "Ya kwako imeshuka."

Alitafuta glavu za baridi zile za Wazungu ambazo ncha za vidole zina uzi wa kijivu, wanazovaa ili waweze kugusa simu bila kuzivua. Uzi ule unapitisha. Alitafuta viatu vya watoto vinavyowaka kisiginoni, akavichana na kutoa taa. Sari kuukuu, akafumua pindo lenye uzi unaong'aa. Nyingine zilipitisha, nyingine zilikuwa plastiki imepakwa rangi, akazitupa huku anazitukana kama watu. Spika za masikioni zilizokufa alitoa nyuzi za shaba laini kama nywele, akaunguza rangi yake kwa kibiriti ndipo ziamke. Na wapagazi wa watalii walimshushia kutoka mlimani yale mashuka ya karatasi ya fedha ambayo wageni hujifunika wakipatwa na baridi, halafu wakayaacha kambini. Aliyakata vipande akaweka katikati ya sponji, ikawa swichi: ukibonyeza kifua, taa inawaka.

Hakuna kilichoingia kwenye nguo kabla ya kulowekwa. Maji na chumvi, halafu sabuni, halafu jua. Mlangoni kulikuwa na kamba imejaa vipande vya uzi vinakauka kama dagaa. "Mpagazi si malaika," alikuwa anasema. "Mpagazi anatoka jasho." Uzi ukiota kutu kwenye chumvi, huo hauendi mgongoni mwa mtu. Hata uwe umeutafuta mwezi mzima.

Hayo ya malaika hayakuja hivi hivi. Nguo zake za kwanza alishonea kwaya, kanisani Marangu, malaika wa Noeli wenye mabawa ya kuwaka. Watu walipiga vigelegele mpaka katekista akakasirika kwamba Mtoto Yesu amesahaulika. Baada ya misa mpagazi mmoja akamfuata nje akamwambia, "Mama, malaika wanaonekana. Sisi ukungu ukishuka kule juu hatuonekani hata na wenzetu." Kuanzia juma lile Fundi hakushona tena bawa. Alianza vizibao vya wapagazi, vya kuwaka mgongoni na mabegani, na kila aliyekipokea alimwambia kikiharibika aje nacho yeye mwenyewe, asimtume mtu.

Sasa nikuambie kitu cha kuchekesha, ingawa kilikuja kututoa machozi. Fundi alikuwa anaogopa umeme. Ule wa ukutani. Betri ya saa aliilamba kama peremende, lakini swichi ya ukutani aliibonyeza kwa kitambaa kikavu, amegeuza uso. Mita ilipokuwa inalia alitoka nje. Pasi ya umeme aliletewa zawadi na mkwe wake, akaifungia kabatini na sanduku lake. Yeye alipiga pasi kwa mkaa, pasi ile ya chuma yenye jogoo kwenye mfuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mtaa mzima ulijua. Anjelista alikuwa anamtania, "Mama, unashona umeme halafu unaukimbia?" Naye, "Huu wangu namjua baba yake. Ule wa ukutani unatoka wapi? Bwawa la Mtera? Nani kauona?"

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye, nisikudanganye. Alikuwa na mdomo. Uzi ukivuka uzi, ule wa kwenda na ule wa kurudi zikigusana hata kwa unywele chini ya kola, alikutupia kizibao kizima. "Fumua." Kazi ya siku mbili. Anjelista mara moja akamwambia, "Mama, hata Yesu alisamehe." Fundi akasema, "Yesu alikuwa seremala, hakushona. Fumua." Tukacheka mpaka machozi, na Anjelista akafumua. Alikuwa mchoyo wa uzi kiasi cha kufagia sakafu kwa vidole, lakini mpagazi akiingia na shuka la fedha alikalishwa akalishwa mtori mpaka alegee. Akiimba, alikosea sauti. Akiumwa, alikataa. Anjelista alimpenda kuliko alivyompenda mama yetu, na mama alijua.

Haya. Melkiori.

Melkiori ana kampuni ya kupandisha watalii. Aliona vile vizibao kwa wapagazi wa watu wengine, akaona wageni wanavipiga picha. Akaja na gari lake mpaka mlangoni, anataka vya watu wake wote, na anavitaka kabla msimu haujafunguka. Fundi akamwambia havitakuwa tayari, vitu vyenyewe kuvipata ni kazi. Melkiori akacheka. "Vitu nitaleta mimi, mama. Wewe shona tu."

Wewe shona tu. Niliona uso wa Fundi ulivyobadilika. Ungempiga kofi ingekuwa nafuu.

Aliyetumwa kuleta ni Evarist, anauza vifaa vya simu nyuma ya stendi. Alikuja na betri chache za simu kama mfano, nyembamba, zinang'aa, zimevishwa ngozi mpya ya plastiki yenye maandishi. Fundi akashika moja.

"Huyu kwao wapi?"

"China, mama."

"China ni kubwa. Baba yake nani?"

Evarist akatuangalia sisi, anacheka. "Mama, hii ni betri, si mkwe."

Fundi akaiweka shavuni, kama unavyopima homa ya mtoto. Akaiweka mezani, akaibonyeza pembe moja kwa kidole. Ikacheza. Betri nzima hulala bapa mezani. Hii ilikuwa imetuna tumboni, ikayumba kama kikombe kwenye sahani. Akachukua wembe akachana ile ngozi mpya. Chini yake kulikuwa na ngozi nyingine, ya zamani, imekwaruzika.

"Hii ina mimba," akasema. "Umeitoa kwenye simu iliyokufa ukaivisha shuka. Sishoni kitu chenye mimba mgongoni mwa mtoto wa mtu. Toa."

Evarist akatoa. Melkiori akapiga simu, akagomba, Fundi akamkatia. Tukajua imekwisha.

Juma lililofuata Fundi alipanda Mwika kuzika. Alituachia kazi ya kufumua glavu. Siku hiyo, mchana, joto limebana, akaja Sifaeli, msimamizi wa Melkiori, na kiroba begani. Kiroba kimejaa betri zile zile. Akasema Fundi amekubali, ameongea naye kwa simu njiani.

Anjelista akamwambia, "Mbona sisi hakutuambia?"

"Simu yake imekata chaji."

"Basi rudi nacho, kaka. Akija utakileta."

"Nirudi nacho wapi? Bosi yuko barabarani. Kiacheni hapo, saa nane napita kukichukua kama hamtaki." Akakisukuma kwa mguu chini ya meza ya kukatia, kwenye vipande vya sponji na mabaki ya nguo. Kwa mguu. Nilimwona. Alikisukuma hadi kikagonga ukuta, ndani ya kiroba vitu vikasuguana, akatoka.

Hatukumwona saa nane wala saa tisa. Kwanza tulisikia sauti kama mtu anakaanga bisi. Halafu harufu tamu, mbaya, ya rangi ya kucha. Anjelista alikuwa upande wa ndani wa meza, mimi upande wa mlango. Aliinama kuangalia. Hiyo tu. Aliinama kuangalia.

Sponji haliungui kama kuni. Linayeyuka na kudondoka likiwaka, na moshi wake mweusi unaziba macho. Nilimvuta kwa nguo, nguo ikabaki mkononi. Nikamvuta kwa mwili. Ndio maana vidole vyangu viko hivi, vitatu vya kulia vimeshikana, na mkono wa kushoto haukunji. Sindano sijatunga tangu siku hiyo. Anjelista alifika hospitali akiongea, akauliza glavu zimepona. Kabla ya Jumapili akafa.

Pasi ya mkaa siku hiyo ilikuwa kwenye ngazi ya nje, baridi, haina hata jivu. Mwenyewe alikuwa Mwika, nani angeiwasha? Lakini mimi nilikuwa wodini nimefungwa bendeji hadi kidevuni, na kwenye msiba kwetu Marangu aliyeongea wa kwanza alikuwa Sifaeli. Alikuja na kreti za soda na turubai la Melkiori. Akakaa katikati ya wazee akasema kwa masikitiko, "Ni ile pasi. Umeme upo, mama yule hautaki. Mbishi." Watu wakatikisa vichwa. Pasi si waliijua? Mtaa mzima uliijua. Uongo wake ulikuta mahali pa kukaa.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kidonda.

Kwetu mtu aliyekukosea, hata kosa liwe kubwa namna gani, akikuletea isale humfukuzi. Ni jani refu la mmea tunaopanda mipakani na makaburini, linafungwa fundo, linaletwa kwa mikono miwili. Ukilipokea umesamehe, na neno lile halifukuliwi tena. Wazee wakishaona isale limepokelewa wanainuka, wanadai pombe yao ya mbege, wanaondoka.

Matanga yalipokwisha, nimesharudi nyumbani, tukamwona Fundi anaingia kihambani kwetu, kwenye migomba, kwa miguu. Amevaa gauni la kanisani, mikononi ana isale. Alilikata kwake Mwika, shina na majani yake. Nilitoka nimbane njiani kabla hajamfikia mama.

"Mama, hili si la kwako kuleta."

Akaniangalia mikono yangu iliyofungwa. "Mtoto amefia chumbani kwangu," akasema. "Nije mikono mitupu?"

Mama akalipokea. Angefanyaje? Walishikana wakalia, wajane wawili, hata kwikwi ya kilio chao ilikuwa moja. Mimi peke yangu ndiye niliyesimama pembeni nikijua kinachofuata. Sikuwa na akili kuliko wao. Nilikuwa na hasira, na hasira inaona mbali.

Ikafuata kweli. Mjomba alishuka mjini kumuuliza Melkiori habari ya kiroba. Melkiori hakumkaribisha hata getini ndani. Alimwambia pale pale kwenye geti, "Mzee wangu, wewe ni Mchagga au si Mchagga? Mwenye kosa ndiye hupeleka isale. Limepelekwa. Mmelipokea. Mnataka nini tena?" Mjomba akarudi. Wazee wa ukoo wetu wenyewe wakasema basi, limekwisha, msifukue. Evarist akaapa hajawahi kumuuzia mtu betri ya kushonea nguo. Sifaeli akapata pikipiki mpya.

Yule mama aliyeuliza kila uzi kwao ni wapi, alibeba kosa lisilo lake bila kuliuliza kwao. Alilibeba kwa heshima, na heshima yake wakaifanya ushahidi. Wapagazi waliacha kuja. Wenye nyumba wakamnyima chumba, nani anampa chumba mtu aliyekiri kuunguza? Watoto wa mtaani wakamwita Mama Moto. Akafunga mizigo akapanda kwake Mwika, na sikusikia tena kizibao kinachowaka mlimani. Watu wa Melkiori siku hizi wanavaa vya rangi ya machungwa, havina hata kitaa kimoja. Evarist bado yuko nyuma ya stendi, kaongeza meza.

Isale lile mama alilipanda kichwani mwa kaburi la Anjelista. Likashika. Sasa limenipita kimo.

Mwaka huu, mama naye tumeshamzika, nilikata shina moja pale kaburini nikaenda Mwika. Nilitaka kumpelekea Fundi isale letu, la kumwomba msamaha kwa yale tuliyomwacha nayo. Nilimkuta kibarazani, amekuwa mdogo kama mtoto, macho yana ukungu. Mapajani ana glavu kuukuu, anafumua ncha ya kidole. Akaweka uzi kwenye betri ya saa, ncha nyingine akaigusisha ulimini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Dada yake Anjelista."

Akaacha uzi. "Lete mkono."

Nikampa. Akapitisha vidole vyake kwenye vile vitatu vilivyoshikana, polepole, mbele na nyuma, kama anavyopima mshono. Hakusema pole. Nikamshukuru kwa hilo.

"Bado unafumua?" nikamuuliza.

"Taa siioni tena. Ulimi unasikia kama uzi umepitisha." Akacheka kidogo. "Sina wa kumshonea. Lakini nikishika glavu siwezi kuiacha."

Nikamwambia nimeleta isale. Nikaanza kumweleza, halafu nikamwekea tu mikononi.

"Kwao wapi?" akauliza.

"Kaburini. Ni lile lile la kwako, mama. Liliota."

Alilinusa. Alilipapasa kuanzia kwenye shina hadi kwenye fundo nililolifunga vibaya kwa mikono yangu hii. Akalifungua lile fundo. Nikadhani analia, kumbe amekasirika. Miaka yote ile sikuwahi kumwona amekasirika kwa ajili yake mwenyewe.

"Hili si la kwako kuleta," akasema.

"La nani basi?"

"Unamjua."

"Melkiori haji, mama. Hata isale hana. Uani kwake kapanda maua ya kizungu."

"Ndiyo umpelekee. Si hana?" Akanyoosha mkono akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji, akalizungushia shina kwa chini, akafunga mafundo mawili, hayo hayakukosea. "Mimi kosa lile sikuliuliza kwao. Lisikauke njiani. Nenda, mwanangu, jua halijawa kali."

Nilishuka nalo mpaka Moshi. Geti la Melkiori liko barabarani, watu wanapita asubuhi hadi jioni. Nikapiga magoti pale pembeni ya nguzo, nikachimba kwa kijiko. Mlinzi akatoka na fagio.

"Wewe mama, unapanda nini hapo?"

"Isale la bosi wako. Alisahau kulipeleka, nimemletea."

Alikuwa kijana wa Rombo, Mchagga mwenzetu, nilimjua kwa lafudhi. Kwanza alicheka. Halafu akaangalia mikono yangu, akaangalia isale, akaacha kucheka.

"Kamkosea nani?"

"Muulize. Kila atakayepita atamuuliza."

"Ataniambia niling'oe, mama."

"Ling'oe."

Akarudi nyuma hatua moja, akaanza kufagia upande ule mwingine wa geti.

"Mimi sigusi," akasema. "Aje aling'oe mwenyewe."